Ulinzi shirikishi Dar es Salaam: Nani alinde usiku, kwa fedha ya nani na kwa sheria ipi?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Wenyeviti wa mitaa na wajumbe wa kamati za mitaa waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 wamerithi ofisi zenye mhuri, daftari la wakazi, na jambo moja ambalo hakuna kiongozi wa mtaa katika Mkoa wa Dar es Salaam anayeweza kulikwepa, nalo ni ulinzi wa usiku. Barabara inaweza kusubiri bajeti ya Halmashauri na bomba la maji linaweza kusubiri mradi, lakini mwizi hasubiri. Ndiyo maana katika kata za pembezoni, kuanzia Mabwepande na Bunju upande wa Manispaa ya Kinondoni hadi Chamazi na Toangoma upande wa Manispaa ya Temeke, ajenda ya ulinzi shirikishi hairudi mezani mara moja tu kwa muhula. Inaporudi huja na maswali yale yale: nani alinde, alipwe na nani, na akimkamata mtu ana mamlaka gani?

Maswali hayo yana majibu, na sehemu kubwa ya majibu hayo haipo kwenye rungu wala filimbi. Ipo kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa na kwenye kitabu cha stakabadhi. Kikundi cha ulinzi hakifi kwa kukosa vijana wa kukesha, kwa kuwa vijana wapo. Hufa pale wananchi wanapoacha kuchangia kwa sababu hawakuwahi kuulizwa, au kwa sababu waliulizwa, wakachanga, kisha hawakusomewa hesabu.

Neno "kufufua"

Ajenda hii ina kumbukumbu za maumivu. Jioni ya Ijumaa tarehe 2 Januari 2015, taharuki ilitanda katika maeneo kadhaa ya Dar es Salaam kutokana na kundi la vijana lililojulikana kwa jina la Panya Road. Maduka yalifungwa kabla ya wakati, watu walikimbia bila kujua wanakimbia nini, na uvumi ulisafiri kwa simu haraka kuliko tukio lenyewe. Jeshi la Polisi liliendesha msako na kuwakamata mamia ya vijana. Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 23 Agosti 2016, askari polisi wanne waliuawa kwa risasi kwenye tawi la benki huko Mbande, pembezoni mwa Mbagala katika Wilaya ya Temeke. Tukio hilo lilikuwa la ujambazi wa silaha nzito, lisilohusiana na vibaka wa mtaani, lakini liliwakumbusha wakazi wa pembezoni jinsi maeneo yao yalivyo mbali na msaada giza linapoingia.

Mwaka 2022 jina la Panya Road likarudi. Vijana wenye mapanga waliingia nyumba hadi nyumba usiku katika maeneo ya pembezoni, ikiwamo Zingiziwa katika Wilaya ya Ilala, wakajeruhi na kupora. Mwezi Septemba mwaka huo huo, mwanafunzi wa chuo kikuu aliuawa katika uvamizi wa aina hiyo huko Kawe, Manispaa ya Kinondoni. Polisi wa Kanda Maalum ya Dar es Salaam, chini ya Kamanda Jumanne Muliro, waliendesha operesheni, na aliyekuwa Mkuu wa Mkoa, Amos Makalla, akaelekeza mitaa kufufua vikundi vya ulinzi shirikishi.

Neno hilo, kufufua, linastahili kutazamwa, kwani hufufuliwa kilichokufa. Na katika mkoa huu ulinzi wa wananchi umefufuliwa zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Augustine Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, wakazi wa Dar es Salaam walihimizwa kukesha kwa zamu kwa mtindo wa sungusungu, utaratibu uliozaliwa miaka ya mwanzo ya 1980 Usukumani na Unyamwezini kupambana na wezi wa ng'ombe. Hamasa ilikuwa kubwa, kisha ikapoa. Mwaka 2006, Saidi Mwema alipoteuliwa kuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, dhana ya polisi jamii na ulinzi shirikishi ilipewa msukumo mpya, na mitaa mingi ikaanzisha vikundi. Vingi kati ya vikundi hivyo ndivyo vilivyohitaji kufufuliwa mwaka 2022.

Mwelekeo ni ule ule kila mara. Tukio baya hutokea, agizo hutolewa, vijana hujitokeza, michango hukusanywa kwa miezi kadhaa, mtaa hutulia, na utulivu wenyewe huwa sababu ya watu kuacha kuchangia. Hapo kikundi husambaa, au hubaki na watu wachache ambao hakuna mwenye uhakika kama bado ni walinzi.

Kutoka nyumba kumi hadi watu elfu tisa

Wazee wa Magomeni na Temeke watasema kwamba zamani mambo hayakuwa hivi, kwa kuwa balozi wa nyumba kumi alimjua kila mgeni. Wanayo hoja. Mfumo wa nyumba kumi ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960 ulikuwa wa chama, lakini enzi za chama kimoja ulifanya kazi ya Serikali pia. Baada ya nchi kurejea kwenye vyama vingi mwaka 1992, kazi hizo zilitenganishwa. Balozi alibaki kiongozi wa chama chake, na Serikali ikaweka ngazi ya mtaa mijini na kitongoji vijijini, ambazo viongozi wake wamekuwa wakichaguliwa na wananchi tangu mwaka 1994. Mpaka leo wapo wananchi wanaopeleka malalamiko ya wizi kwa mjumbe wa chama kabla ya kwenda ofisi ya mtaa, na si jambo la kushangaza, kwa sababu mjumbe anakaa nyumba ya tatu na ofisi ya mtaa iko ng'ambo ya bonde.

Tatizo ni ukubwa wa ngazi hiyo mpya. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Wilaya ya Temeke na 982,328 katika Wilaya ya Kinondoni. Temeke ina mitaa 142 na Kinondoni ina mitaa 106. Ukigawanya, mtaa mmoja katika wilaya hizo una wastani wa watu zaidi ya 9,000. Upo mtaa wenye watu wachache zaidi, na upo wenye wengi mno, hasa kwenye kata zinazokua kwa kasi kama Chamazi. Mwenyekiti wa Mtaa, kwa hiyo, anaongoza idadi ya watu inayozidi ya vijiji vingi nchini, tena watu wanaohama mara kwa mara.

Kenya ilipoamua mwaka 2013, baada ya shambulio la jengo la Westgate jijini Nairobi, kuanzisha utaratibu wake iliouita Nyumba Kumi, iliazima jina kutoka kwetu. Wakati huo sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kuhamishia kazi hiyo kwenye ngazi yenye maelfu ya watu.

Sheria inasema nini

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 146, inazitaja kazi za Serikali za Mitaa, na mojawapo ni kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Hapo ndipo msingi ulipo. Kwa upande wa mijini, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, inaipa Kamati ya Mtaa majukumu kadhaa, yakiwamo kutunza kumbukumbu sahihi za wakazi wa mtaa na kuishauri Kamati ya Maendeleo ya Kata kuhusu masuala ya amani na usalama.

Neno "kuishauri" si dogo. Kijiji, kwa mujibu wa Sura ya 287, kina Halmashauri ya Kijiji yenye hadhi ya chombo cha kisheria, na kinaweza kutunga sheria ndogo zake. Mtaa hauna hadhi hiyo. Mtaa hautungi sheria ndogo. Halmashauri ya Manispaa ndiyo inayotunga. Maana yake kwa mwananchi ni kwamba mchango wa ulinzi uliopitishwa na kikao cha watu sita ofisini, bila mkutano wa wakazi na bila sheria ndogo ya Halmashauri nyuma yake, hauwezi kugeuzwa kuwa tozo ya lazima kwa sababu tu Mwenyekiti ameamua. Hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu barua ya utambulisho anayohitaji ili kufungua akaunti ya benki au kumdhamini ndugu yake polisi. Mtindo huo wa kushikilia mhuri hadi mtu alipe deni la ulinzi ni miongoni mwa mambo yanayoharibu ulinzi shirikishi kuliko wezi wenyewe, kwa sababu humfanya mkazi aione ofisi ya mtaa kama kizuizi cha barabarani.

Kwa hiyo mtaji pekee wa mtaa katika jambo hili ni ridhaa ya wakazi, na ridhaa hiyo hupatikana kwenye mkutano wa mtaa. Mkutano uitishwe kwa tangazo lililobandikwa mapema, mahudhurio yaandikwe, kiwango cha mchango kijadiliwe na kupigiwa kura, majina ya wanaopendekezwa kuwa walinzi yasomwe hadharani, na muhtasari utunzwe na Afisa Mtendaji wa Mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa Halmashauri na ndiye katibu. Hatua hizi zinaonekana ndefu kwa mtaa ulioibiwa jana usiku, na ni kweli ni ndefu. Hata hivyo, mkutano mmoja ulioendeshwa vizuri huokoa ugomvi wa mwaka mzima.

Kusoma majina hadharani kuna faida ambayo viongozi wengine huidharau. Wakazi wanajua mambo ambayo faili la ofisi haliyajui. Wanajua kijana yupi alikuwa jela na amebadilika, na yupi hajabadilika. Wanajua yupi analala mchana kwa sababu anafanya kazi ya usiku ya halali, na yupi analala mchana kwa sababu nyingine. Jina likishapita mbele ya mkutano, lipelekwe kwa Mkaguzi wa Kata, ambaye ni ofisa wa Jeshi la Polisi aliyepangiwa kata hiyo, ili mhusika ahakikiwe, apewe maelekezo ya kazi na atambulike kituoni. Mlinzi asiyejulikana kituo cha polisi ni hatari kwake mwenyewe, maana doria ya polisi ikimkuta saa 9 usiku na panga mkononi, haina namna ya kumtofautisha na anayetafutwa.

Lipo pia suala la siasa, na ni afadhali lisemwe wazi. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yalipiga marufuku vyama kuunda vikundi vya ulinzi. Kikundi cha ulinzi shirikishi ni cha wakazi wote wa mtaa, waliomchagua Mwenyekiti na wasiomchagua. Kikitokea kuwa na vijana wa chama kimoja tu, kikivaa rangi za chama au kikitumwa kwenye shughuli za chama, kinakuwa kimepoteza sifa ya kuchangiwa na wote.

Hesabu ya shilingi elfu mbili

Tuje kwenye fedha, ambako vikundi vingi hufia. Tuchukue mfano wa kukadiria. Mtaa una kaya 2,500, na mkutano umekubaliana kila kaya ichange shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi hiyo ni shilingi 5,000,000 kila mwezi, na mtu akiisikia tarakimu hiyo mkutanoni huanza kuwaza gari la doria. Lakini tuseme inayolipa kwa ukamilifu ni kaya moja kati ya nne. Fedha inayoingia ni shilingi 1,250,000. Walinzi wakiwa kumi, kila mmoja anapata shilingi 125,000 kwa mwezi, sawa na takriban shilingi 4,200 kwa usiku, na hapo hazijanunuliwa betri za tochi, makoti ya mvua, filimbi wala vizibao vinavyong'aa gizani. Walinzi kumi kwa mtaa wa watu 9,000, tena wakigawanywa zamu, ni watu watano usiku mmoja.

Mfano huo unaeleza mambo mawili. Kwanza, kwa nini mlinzi anayelipwa hivyo huanza kuomba "ya chai" kwa mpita njia au kwa mama anayewahi Feri alfajiri. Pili, kwa nini swali la kaya tatu zisizolipa ni zito kuliko swali la kuongeza kiwango. Ukipandisha mchango kutoka 2,000 hadi 3,000 bila kuwafikia wasiolipa, unawaadhibu waaminifu.

Na hao wasiolipa ni akina nani? Jibu la haraka ni wakaidi, lakini hali halisi ina sura nyingi. Katika mitaa ya Mikocheni au Mbezi Beach, mwenye nyumba amezungusha ukuta, ameweka nyaya za umeme juu yake na ana mlinzi wa kampuni getini. Haoni kwa nini alipie ulinzi mara mbili, na mkutano wa mtaa hajawahi kuhudhuria. Katika mitaa ya Tandale, Keko au Tandika, nyumba moja ya Kiswahili ina vyumba sita au zaidi pande mbili za korido, na kila chumba ni kaya inayojitegemea. Je, mchango unalipwa na nyumba au na chumba? Mwenye nyumba atasema wapangaji walipe kwa kuwa wao ndio wanaolala humo. Wapangaji watasema nyumba si yao na mwezi ujao huenda wakahama. Mkusanyaji akifika mchana hukuta watoto, akifika jioni hukuta mlango umefungwa, na akipewa elfu mbili na mama wa chumba cha mbele huandika "nyumba imelipa". Baada ya miezi mitatu hakuna anayejua nani anadaiwa nini.

Suala hili la nyumba au chumba linaonekana dogo, lakini mkutano usipoliamua mapema huzaa ugomvi mkubwa kuliko kiwango chenyewe. Unaweza kukubaliana kwamba mwenye nyumba ndiye anayewajibika na atajumuisha kwenye kodi. Unaweza kukubaliana kwamba kila chumba kinalipa nusu. Unaweza pia kuwasamehe kwa majina wajane, wazee wasio na kipato na wagonjwa. Lolote litakaloamuliwa liandikwe. Mpangaji naye aruhusiwe kuhudhuria na kusema, kwa sababu mkazi wa mtaa ni mkazi, awe na hati ya kiwanja au awe na ndoo na godoro.

Kuhusu ukusanyaji, stakabadhi si hiari. Kila shilingi iandikiwe stakabadhi yenye namba, fedha iwekwe kwenye akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, na taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi kila mwezi na kusomwa kwenye mkutano unaofuata. Ubao usio na karatasi mpya kwa miezi mitatu ni taarifa tosha. Katika Jiji la Kigali, Rwanda, wakazi nao huchangia doria za usiku zijulikanazo kama irondo, na huko pia utaratibu ulitoka kwenye zamu za hiari hadi kwa walinzi wanaolipwa. Wao wana mkono mrefu wa utawala hadi ngazi ya chini kabisa. Sisi tuna mkutano, na mkutano huo huwa na nguvu pale tu hesabu inaposomwa.

Kwa maoni ya mwandishi, Halmashauri nazo zina nafasi ambayo bado haijatumika ipasavyo. Vifaa vya kazi, yaani tochi, vizibao, vitambulisho na makoti, si gharama inayozishinda manispaa zinazokusanya mapato ya ndani makubwa kama Kinondoni na Temeke. Mchango wa mwananchi ungebaki kwa ajili ya posho pekee, na kitambulisho chenye nembo ya Halmashauri kingemlinda mlinzi na kumlinda pia mkazi dhidi ya mlinzi wa bandia.

Akishamkamata, afanye nini?

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda makosa fulani mbele yake, kwa sharti la kumfikisha polisi bila kuchelewa. Mlinzi wa mtaa yuko ndani ya mipaka hiyo. Hana mamlaka ya kumweka mtu mahabusu kwenye ofisi ya mtaa, kumtoza faini, kumchapa, wala kuingia chumbani kwa mtu kupekua kwa sababu ameambiwa kuna televisheni ya wizi. Katiba, katika Ibara ya 13, inataka mtu asichukuliwe kama mkosaji mpaka itakapothibitika. Kumpiga mtuhumiwa hadi kufa ni kosa la mauaji, hata kama waliompiga ni watu mia, na hata kama kweli alikuwa ameiba.

Jambo hili linahitaji uzito wa pekee kwa sababu ya umri. Waliotajwa kwenye matukio ya Panya Road walikuwa vijana, baadhi yao wadogo mno. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na inampa taratibu zake hata anapotuhumiwa kwa kosa kubwa. Filimbi ikipulizwa saa 8 usiku na kijana wa miaka 15 akakutwa uchochoroni, dakika tano zinazofuata ndizo zitakazoamua kama mtaa utapata shahidi, mtuhumiwa au maiti. Kikundi kilichofunzwa humzingira, humfunga, hupiga simu polisi na humzuia jirani mwenye tofali mkononi. Kikundi kisichofunzwa humwachia jirani huyo nafasi. Tofauti hiyo haitokani na ujasiri wa walinzi. Inatokana na saa mbili za mafunzo ambazo Mkaguzi wa Kata anaweza kuyatoa chini ya mwembe wa ofisi ya mtaa.

Mtuhumiwa akifikishwa kituoni, kazi haijaisha. Malalamiko ya siku nyingi ya wakazi ni kwamba "tunamkamata leo, kesho tunamwona kijiweni". Mara nyingine dhamana ni haki ya mtuhumiwa na polisi hawana namna. Mara nyingine, hata hivyo, kesi hukosa miguu kwa sababu aliyeibiwa hakwenda kuandikisha maelezo, na mlinzi aliyemkamata hakwenda mahakamani kwa kuwa siku hiyo angepoteza kibarua. Mkutano wa mtaa unaoweza kuchangia tochi unaweza pia kukubaliana kumlipia shahidi nauli.

Giza, mapagale na namba ya nyumba

Doria ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni mazingira, na hapo hali ya Mabwepande si ya Hananasif. Mabwepande, eneo ambalo Serikali ililitumia kuwahamishia waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 kutoka Bonde la Msimbazi, na maeneo yanayofanana nalo kama Mbande na Toangoma, yana viwanja vilivyotawanyika, vichaka katikati, na nyumba zilizoishia kwenye linta. Mapagale hayo hugeuka vijiwe vya wavuta bangi mchana na maficho usiku. Wenyewe wako Kariakoo, Mwanza au ng'ambo. Mkazi anayetoka saa 10 alfajiri kuwahi daladala na kurejea saa 4 usiku hupita mbele ya mapagale hayo mara mbili kwa siku, na mara zote ni gizani.

Operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanyika mwaka 2022 kabla ya Sensa imeleta nyenzo ambayo mitaa bado haijaizoea. Barabara ina jina na nyumba ina namba. Mwananchi anayepiga simu polisi hana tena haja ya kusema "njoo mpaka kwenye mbuyu, ukifika kwa muuza chipsi ingia kushoto". Lakini hilo linafaa tu kama kibao bado kipo, kama mkazi anaijua namba ya nyumba yake, na kama ofisi ya mtaa imeoanisha namba hizo na daftari la wakazi. Daftari hilo ndilo litakalosema pia pagale fulani ni la nani, ili mwenyewe atafutwe alifyeke, aliezeke au aliwekee mlango.

Taa za barabarani zimeonyesha tofauti yao. Barabara zilizojengwa kupitia Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, maarufu kwa jina la DMDP, katika kata za Temeke na Kinondoni zilikuja na mifereji na taa, na biashara ndogo zimejipanga pembeni mwake hadi usiku. Pale penye muuza mihogo, fundi simu na kijiwe cha bodaboda kilichosajiliwa, tayari kuna macho ambayo hayalipwi. Tatizo ni taa inapoungua, kwa kuwa wengi hawajui wamwambie nani. Ni Halmashauri au wakala wa barabara, kutegemea barabara ni ya nani, na Afisa Mtendaji wa Mtaa anapaswa kujua hilo bila kubahatisha.

Vijana wenyewe wanatajwa sana kama tishio na kidogo kama wakazi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 kupisha utaratibu mpya na kurejeshwa mwaka 2024. Tangazo la mikopo hiyo linapaswa kubandikwa kwenye ubao ule ule wa ofisi ya mtaa unaobandikwa hesabu za ulinzi, na lisomwe kwenye mkutano ule ule.

Pa kuanzia

Mkazi anayetaka kujua kama kikundi cha ulinzi kwenye mtaa wake kipo kihalali ana haki ya kufika ofisi ya mtaa na kuomba kuonyeshwa muhtasari wa mkutano uliokiidhinisha, orodha ya walinzi iliyopelekwa kwa Mkaguzi wa Kata, na taarifa ya mapato na matumizi ya mwezi uliopita. Zisipokuwapo, aombe suala hilo liwekwe kwenye ajenda ya mkutano unaofuata, na ombi alitoe kwa maandishi. Asiporidhika, ngazi inayofuata ni Afisa Mtendaji wa Kata, kisha Mkurugenzi wa Manispaa au Ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Palipo na dalili za fedha za michango kuliwa, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Tukio linaloendelea usiku huo huo ni la polisi, namba 112, na anayepiga ataje kwanza jina la barabara na namba ya nyumba.